Kapu la Jioni na Kapu la Asubuhi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kulipa kodi kama sisi, ilikuwepo jioni moja ya kumbikumbi. Waliokuwepo kichuguuni jioni ile nitawataja wote. Alikuwepo Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Alikuwepo binti yake, Chausiku, aliyekuwa na kikohozi. Alikuwepo Kobe, jirani yao. Juu ya tawi alikuwepo fundi Mnana, ndege msuka nyumba. Na alikuwepo Bwana Ngiri, mkusanya kodi wa Mtemi Kifaru, mkia juu kama bendera. Mtemi mwenyewe hakuwepo, ila nusu ya kila kapu ilikuwa yake, kwa hiyo ni kama naye alikuwepo.

Lakini kabla ya jioni hiyo kufika, sikilizeni shida ya Sange.

Nyumba yake ilikuwa na nusu paa. Upande wa mlangoni paliezekwa vizuri, nyasi zimesukwa zikashikana. Upande wa kulala palikuwa wazi, unalala unaziona nyota. Kiangazi ni raha. Masika ni kikohozi. Na masika yalikuwa yanabisha hodi.

Asubuhi ya siku ile Sange aliyatazama mawingu, akamwita Mnana.

"Fundi, leo kumbikumbi watatoka. Nimalizie paa. Kesho nakuletea bakuli lako, na nyongeza juu yake."

Mnana alikuwa na ujani mdomoni. Aliuweka chini kwanza, maana alikuwa na adabu.

"Mama Chausiku, mwaka jana uliniambia hivyo hivyo."

"Mwaka jana kapu lilijaa. Si uliliona?"

"Nililiona. Lilijaa mpaka likamwagika. Ukaniahidi mimi bakuli, nikaezeka nusu. Ukamwahidi Kobe bakuli. Ukamwahidi mtoto shanga. Asubuhi ukaja na mikono mitupu na macho mekundu."

"Ngiri alipita."

"Ngiri hupita kila mwaka, kama baridi. Hebu nikuulize. Hilo bakuli unaloniahidi linatoka kwenye kapu la jioni au kapu la asubuhi?"

Pua ya Sange ikaacha kucheza.

"Kapu si ni lile lile?"

"Kapu ni lile lile. Jioni kumbikumbi wana mbawa, asubuhi hawana. Wewe, dada yangu, unahesabu mbawa."

Akaruka, purr, akaenda zake. Sange akadhani amemkasirikia. Mara akarudi na jani pana la mgomba, analiburuta kwa shida, akalilaza juu ya mahali mtoto anapolala.

"Hili si paa," akasema. "Ni jani tu. Usinilipe."

Sange alibaki amekaa mlangoni, anayawaza maneno yale. Kapu lake lilikuwa na mshipi mwekundu uliosukwa katikati yake. Jioni ya mwaka jana Ngiri alilikuta limejaa pomoni, akatangaza, "Kapu zima. La Mtemi ni nusu, mpaka kwenye mshipi." Kisha akaenda kulala. Usiku kumbikumbi wakapukutisha mbawa zao, na mbawa, wanangu, ni nyingi kuliko wenye mbawa. Asubuhi Sange alipozipepeta, wadudu wenyewe walifika wapi? Kwenye mshipi. Hapo ndipo Ngiri alipokuja kudai nusu yake ya kapu, mpaka kwenye mshipi, safi, bila ubawa hata mmoja.

Akabeba wote. Sange akabaki na rundo la mbawa.

"Kumbe sikuwahi kuwa na kapu zima," Sange akajisemea. "Hata hilo la nusu sikuwa nalo. Nilikuwa nagawa kitu ambacho hakijawa changu."

Mchana mvua ikashuka. Lile jani la mgomba likahimili kidogo, kisha upepo ukalichana. Kobe alikuwa anapita. Aliingia ndani pole pole, akanyoosha miguu yake mifupi, akasimama juu ya Chausiku kama kibanda chenye nguzo nne.

"Shikamoo, babu," Chausiku akasema kutoka chini.

"Marahaba. Lala."

"Miguu yako inatetemeka, babu."

"Ni mazoezi. Lala."

Mvua ikaimba juu ya gamba, to to to to. Mtoto akalala. Sange naye, kwa kuona mwanawe yuko pakavu, akasinzia ameegemea ukuta.

Katika usingizi ule mwembamba aliliona kapu lake likiota mbawa. Likapaa taratibu juu ya bonde, linameta, naye akalikimbilia huku chini akiliita kwa jina la mwanawe. Kapu likawa dogo kama yai, likawa dogo kama punje, likamezwa na mwanga. Alipochoka kukimbia akarudi. Pale kapu lilipokuwa pamebaki kitu, kizito, kimetulia. Hakikuruka. Alipokiokota kilimjaa mikononi sawasawa, wala hakikumzidi.

Akafumbua macho. Mvua ilikuwa imekatika. Kobe bado amesimama.

"Kobe," akanong'ona, "kisichoruka ndicho changu."

"Umeota?"

"Nimeota."

"Ndoto nyingine zina akili. Sasa naomba nikae chini."

Ndipo ikafika ile jioni.

Jua lilirudi kidogo, la rangi ya asali. Ukungu ulitambaa kwenye nyasi kama moshi wa jiko la mbali. Sange akapanda kichuguuni, akakinga kapu mbele ya tundu, akaanza kupiga ardhi kwa miguu yake ya nyuma, kama mama yake alivyomfundisha, na mama wa mama yake.

Ti-ti-ti-ti-ti. Ti-ti-ti-ti-ti.

Kumbikumbi wakisikia hivyo hudhani ni matone ya mwisho ya mvua, na wao hupenda kuruka mvua inapoondoka. Akatoka mmoja. Wakatoka kumi. Kisha kichuguu kikafumuka, fuuuu, hewa yote ikawa mbawa. Mbawa zilipita mbele ya jua, na bonde zima likawa linapepesa macho kama vile linataka kuamka na halitaki. Chausiku alisahau kukohoa. Alisimama kinywa wazi, mdudu mmoja akamwingia humo, akamtafuna.

Kapu likajaa mpaka ukingoni. Sange aliendelea kupiga miguu kando yake, ti-ti-ti-ti, si kwa sababu ya lazima, ni kwa furaha tu. Ghafla akaona jambo. Ardhi ilikuwa inatetemeka, na kapu nalo. Kumbikumbi akishatua hana haja tena na mbawa zake, ukimtikisa kidogo anazidondosha. Na kila Sange alipopiga, mbawa zilipanda juu, nyepesi kama pumzi, na wadudu wanene wakazama chini kutafuta giza.

Akapiga tena. Mbawa zikazidi kupanda. Aliendelea hivyo hadi alipoona kwamba juu ya mshipi ni mbawa tupu, na chini ya mshipi ni nyama tupu. Kisha akachagua kumbikumbi watatu walionona, akawalaza juu kabisa, kama mtu anavyopamba sahani ya mgeni.

Kwato zikasikika, kwa kwa kwa.

"Hodi hapo, Mama Pua," akaita Ngiri.

"Karibu, Bwana Ngiri. Habari za kutwa?"

"Za kutwa ni njaa na matope. Hebu nione." Akatazama kutoka juu, bila kuinama, maana hakupenda kuinama mbele ya watu wadogo. "Kapu zima. La Mtemi ni nusu, mpaka kwenye mshipi. Nitakuja asubuhi."

"Bwana Ngiri, naomba kuuliza, ila usinikasirikie."

"Uliza upesi."

"Kwenu mkipika, nani hupakuliwa kwanza?"

"Mkubwa wa nyumba. Swali gani hilo?"

"Na hupakuliwa cha juu au cha chini?"

"Cha juu, kikiwa na mvuke. Cha chini kimeshikana na chungu."

"Ukoko ni wa mpishi," Kobe akachangia, taratibu. "Ndivyo tulivyolelewa."

Sange akainamisha macho. "Basi ndiyo maana watu wanasema."

"Watu gani? Wanasema nini?"

"Sitaki fitina, Bwana Ngiri. Wanasema tu kwamba Mtemi wetu hungoja kulale kuche, mwenye kapu aamke, apepete, achambue, ndipo apelekewe kilichobaki chini. Eti Ngiri anampa Mtemi ukoko."

Meno ya Ngiri yakachomoza zaidi.

"Mimi? Ukoko?"

"Mimi niliwakatalia."

"Fungua kapu. Cha juu leo hii hii. Cha chini utakula wewe na huyu mtoto wako wa kikohozi." Akawadaka wale kumbikumbi watatu wa juu, akawatafuna kwa sauti. "Wamenona. Shika gunia, usisimame kama mlingoti."

Sange akashika mdomo wa gunia. Ngiri akasukuma kwa pua lake pana, swaa, swaa, mpaka mshipi mwekundu ukaonekana, akaacha pale pale. Haki yake aliijua, na kuizidisha hakuzidisha. Kisha akalitupia gunia mgongoni. Lilikuwa jepesi kama usingizi wa mchana, lakini mwenye nguvu hajui uzito. Akaondoka, mkia juu.

Mnana alicheka mpaka akaning'inia kichwa chini.

"Mama Chausiku, kwa ujanja huu jina lako hata vyura wataliimba. Haya, nianze paa?"

"Usianze, fundi."

"Kapu si limebaki nusu, nyama tupu?"

"Sijakuahidi kitu mwaka huu. Mtemi hajapata chake."

Kobe akageuza shingo. "Si amechukua?"

"Amechukua mbawa, babu. Kiangazi kile moto uliposhuka mlimani, mimi nikiwa na mimba ya huyu, nani aliukanyaga mpaka ukazimika?"

"Mtemi."

"Alichechemea mpaka mvua za kwanza. Nyayo zake zilitoa maji. Kodi yake siikatai. Nataka tu alione kapu langu la asubuhi. Haoni mbali, na Ngiri anayemtazamia hainami."

Akawapepeta kumbikumbi waliosalia, akawagawa mafungu mawili sawasawa, Chausiku akiwa shahidi. Fungu moja akalifunga kwenye jani. Lingine akalifunika kwa kawa, hakumegea mtu hata mdudu mmoja. Halafu akalala, na moyo ulimpiga kama ile miguu yake. Mtemi akikasirika angeweza kumnyang'anya kichuguu, na bila kichuguu hakuna bakuli, hakuna fundi, hakuna paa.

Asubuhi alimbeba Chausiku mgongoni, jani mkononi, akaenda kwa Mtemi. Kobe alitangulia alfajiri ili wafike pamoja.

Mtemi Kifaru alikuwa ameketi kwenye uwanja wake wa vumbi, mkubwa na wa kijivu kama wingu lililosahau kwenda. Mbele yake Ngiri alikuwa anafungua gunia.

"Mtemi, mwaka huu nimekuletea cha juu. Cha kwanza. Si ukoko."

"Nani alisema ninakula ukoko?"

"Watu, Mtemi. Lakini nimewanyamazisha."

Akavuta kamba. Upepo mdogo wa asubuhi ulikuwa unapita na njia zake, ukachungulia guniani. Fuuuu. Mbawa zikanyanyuka zote kwa pamoja. Zikapanda, zikatawanyika, zikaanza kurudi chini polepole, kila moja na kipande chake cha jua. Uwanja mzima ukanyeshewa nuru. Zikatua kwenye pembe ya Mtemi, kwenye kope zake, kwenye masikio.

"Mama," akasema Chausiku, "mvua hii haina maji."

Mtemi alipiga chafya, mbwaa, vumbi likaruka.

"Ngiri. Chakula kiko wapi?"

Ngiri aliingiza kichwa guniani, akakitoa kimejaa mbawa, akamwona Sange. "Huyu. Huyu Mama Pua amekuibia, Mtemi. Mnyang'anye kile kichuguu."

Sange akasogea mpaka kwenye kivuli cha ile pembe kubwa. Miguu ilimtetemeka, akamkumbuka Kobe jana, akaiita mazoezi.

"Shikamoo, Mtemi. Naomba nimuulize Bwana Ngiri mbele yako."

"Uliza."

"Bwana Ngiri, ulichobeba jana ni nusu ya kapu, au si nusu?"

"Ni nusu, lakini ya mbawa."

"Nani alipima?"

"Mimi."

"Nani alichota?"

"Mimi, lakini..."

"Mwaka jana uliponipimia kapu zima jioni, lilikuwa na mbawa au halikuwa nazo?"

Ngiri akatazama pembeni. Hapo palikuwepo Kobe, anamtazama. Akatazama upande mwingine.

"Lilikuwa nazo."

"Na asubuhi ulipochukua nusu yake, ulichukua yenye mbawa?"

"Nani anakula mbawa?"

"Mimi," akasema Sange, kwa upole tu. "Nilibaki nazo mwaka mzima. Mtemi, ninapimiwa kapu la jioni, ninalipa kwa kapu la asubuhi. Nusu yako ikishatoka mle, ndani hakuna kitu. Fundi akanisubiri akachoka. Mwanangu analala anazitazama nyota, naye mwenyewe anasema ni nzuri, lakini anakohoa."

Chausiku akakohoa. Hakufundishwa, kikohozi kilimjia tu.

Ubawa mmoja ulikuwa bado unateremka, Mtemi akausubiri mpaka ukagusa ardhi.

"Mimi hukanyaga moto," akasema mwishowe, sauti nzito inatoka chini. "Nikiukanyaga nikakuachia mbawa, nimekuokolea nini?"

"Hujui, Mtemi. Hukuambiwa."

"Na wewe, kwa nini hukuja mwaka jana ukasema?"

"Mwaka jana mimi mwenyewe sikujua. Nilidhani nimejaliwa kapu zima, kisha nimelipoteza kwa uzembe wangu."

Akaweka lile jani mbele ya miguu mikubwa yenye makovu, akalifungua. Kumbikumbi walikuwa wamejaa ndani, safi, wanang'aa.

"Hii ni nusu ya kapu la asubuhi. Nyumbani imebaki nusu nyingine kama hii. Ndiyo haki yako, baba. Zile mbawa zilikuwa za kukuamsha tu."

Mtemi aliinamisha kichwa, akanusa, akaonja. Akasikika akicheka, na kicheko cha kifaru ni kama gogo linalobingirika mbali.

"Ngiri."

"Naam, Mtemi."

"Tangu leo hupimi kapu mpaka mbawa zianguke. Na hupimi umesimama. Utapiga magoti, utie pua ndani, uone mwenye kapu anabaki na nini. Ndipo useme changu ni kipi."

"Magoti, Mtemi? Mbele ya watu?"

"Anza na mbawa hizi za uwanjani. Mgeni wangu mdogo asije akateleza."

Ngiri akapiga magoti, akaanza kuzoa mbawa kwa pua, moja moja. Chausiku alishuka mgongoni kwa mama yake, akaenda kumsaidia. "Nyingine iko sikioni kwako, mjomba," akamwambia. Ngiri akaguna, lakini akainamisha sikio ili mtoto alifikie.

Sange alirudi nyumbani, akafunua kawa. Sasa hakuna aliyebaki wa kuja kudai, na alichokitazama kilikuwa chake chote. Akakikaanga kwa mafuta yao wenyewe, harufu ikazunguka bonde. Kilitoka bakuli moja la kujaa, na konzi mbili juu yake. Konzi moja akampa Kobe, aliyefika jioni akihema. Konzi moja akamwekea mtoto. Bakuli akalipeleka chini ya tawi.

Mnana akachungulia. "Mwaka huu hukuniahidi."

"Nimekuletea."

Fundi aliokota ujani, akaanza pale alipoachia mwaka jana.

Na ninyi, wanangu, msigawe kapu la jioni: chako ni kile kinachobaki asubuhi, mwenye kodi akishapita.

Ngiri mpaka leo hula amepiga magoti. Masika yalipoingia, Chausiku alilala pakavu.